Msimu wa Viwavi Ukutani kwa Robiya

Siku ya 1 ya viwavi

Itangazwe ukutani kote, kuanzia mashimo ya juu karibu na boriti hadi nyufa za chini zenye unyevunyevu, kwamba leo asubuhi, baada ya mashauriano mazito na mke wake, Norboy mwana wa Ergash, karani wa Ukuta, amekubali kunyoa sharubu lake la kushoto. La kulia liliungua juma lililopita alipoinama kuwasha taa huku akizungumza. Wananchi wanaombwa wasicheke. Watakaoshindwa wanaombwa wasicheke mbele ya watoto.

Sasa mambo madogo. Mayai yameanguliwa. Robiya, mwenye nyumba, aliyafungua kutoka kifuani, alikoyabeba ndani ya kitambaa siku tisa ili yapate joto la mwili, akayamwaga juu ya karatasi nyeupe kwenye kichanja cha kwanza. Kufika saa nne karatasi ilikuwa nyeusi na inatembea. Viwavi wa hariri bado ni wembamba kuliko unywele wangu, na kwa kuwa nywele ninazo chache na ninazifahamu zote, kipimo hiki ni cha kuaminika.

Siku arobaini zijazo chumba ni chao. Sisi tuishio ndani ya ukuta wa chumba hiki, ambao mrefu wetu hafiki njiti ya kiberiti, tutakula wakila na kunyamaza wakilala. Mabaki ya majani yao ni mboga yetu, nyuzi wanazoacha ni nguo zetu, na mavi yao yakikauka ndiyo kuni zetu za majira ya baridi. Mwaka jana tuliokota kidogo. Kuni zilikwisha mwezi mzima kabla ya theluji kuyeyuka, na mdogo wangu Anzirat akakohoa mpaka akaacha kukohoa. Nilisema mambo madogo. Hili si dogo, nitaliacha hapo.

Binti wa Anzirat, Kumri, sasa analala kwetu. Ana miaka saba. Anakula kidogo, anauliza sana.

Siku ya 3

Bibi Tursunoy amekuja kulalamika. Yeye ndiye anayetuosha na kutushona tukifa. Ni kazi ya heshima, ila imempa tabia ya kumtazama mtu aliye hai kuanzia utosini hadi vidoleni, kama anayepima kitambaa. Lalamiko la leo: nimeandika kwamba Robiya alibeba mayai siku tisa, na yeye anasema zilikuwa kumi.

Nikamwambia tisa au kumi, viwavi hawajalalamika.

"Andika sawasawa, Norboy," akasema. "Watakaosoma hawakuwepo."

Sharofat, mke wangu, alimmiminia chai. Alikunywa vikombe vitatu, akalalamikia cha pili.

Siku ya 5

Usingizi wa kwanza, kati ya minne ya kujivua ngozi. Viwavi wameinua vichwa, wametulia kama wanaosikiliza. Kimya chumbani, kimya ukutani. Nilipiga chafya, Sharofat hajanisamehe.

Siku ya 6

Mvua.

Siku ya 7

Mvua.

Siku ya 9

Mvua, na sasa si jambo la mzaha. Kiwavi akila jani lililolowa anaharisha, anakuwa mweusi, anakufa, na ugonjwa unapanda kichanja hadi kichanja. Robiya na mkwe wake walikata matawi ya mforsadi tangu alfajiri, wakayaleta yanachuruzika, wakakaa chini kufuta jani moja moja. Walianza na taulo, wakamaliza mitandio, mwishowe Robiya akashusha godoro lake la harusi na kuyakaushia hapo. Kwenye kichanja cha tatu wamekufa mia na kitu. Tulitazama kupitia ufa, na kila mtu alikuwa anafikiria majira ya baridi.

Kumri amejichagulia kiwavi mmoja mwenye doa jeusi juu ya jicho. Amempa jina Paji. Anampelekea vipande vya majani makavu anavyovikausha mwenyewe chini ya blanketi letu. Mimi nililalia kimoja.

Siku ya 10

Jua. Robiya amechoma majani makavu ya kufukuza kijicho na kuzungusha moshi chumbani. Tumekohoa wote kwa baraka.

Siku ya 13

Usingizi wa tatu, na ugomvi wa kunong'ona, ambao ni mgumu kuliko ugomvi wa kelele.

Kumri alikwenda kwa Bibi Tursunoy kumwuliza mama yake atatoka lini. Bibi akaja kwangu moja kwa moja, amevaa aproni yake ya kushonea.

Niseme kwa atakayesoma. Sisi hatuna ardhi ya kuzikia. Maiti wetu tunamtia ndani ya kifukofuko kikubwa cha hariri, kile ambacho viwavi wawili hukisokota pamoja na ambacho Wakubwa, watu wa kimo cha Robiya, hawakipendi kwa sababu uzi wake umevurugika. Bibi Tursunoy anakikata mdomo, anamlaza mtu, anakishona, nasi tunakipandisha juu ya boriti. Siku ya Anzirat, Kumri alinivuta mkono akaniuliza kwa nini tunamfungia mama humo. Nikamjibu: mpenzi wangu, nani aliingia kwenye kifukofuko asitoke na mabawa? Akaacha kulia. Nililiona ni jibu zuri. Bado naliona si jibu baya.

"Mimi ndiye niliyemshona," Bibi akanong'ona. "Najua nilichokiacha mle. Mwambie mtoto."

Nikamwambia mtoto alihitaji usingizi, na kwamba tukimwachia yeye Bibi kuwalaza watoto, tutapata taifa la wazee wa miaka saba.

"Kucheka unaweza," akasema. "Haya, cheka."

Mtu mgumu. Hata pole yake ina sindano.

Siku ya 16

Mvua tena. Ukuta wa kaskazini umelainika, vyumba viwili vimebomoka, hakuna aliyeumia. Kikao kirefu. Nilizungumza vizuri.

Siku ya 19

Usingizi wa nne, wa mwisho. Kumri anakaa siku nzima mbele ya Paji. Nimemwambia asimguse. Akanijibu kwamba anamlinda.

Siku ya 22

Ulaji mkubwa umeanza. Kila kiwavi sasa ni mrefu kuliko mimi na mke wangu tukibebana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Elfu ishirini wanatafuna pamoja, na sauti yake ni ya mvua juu ya bati. Robiya analala saa mbili kwa siku. Amekonda usoni. Mkwe wake alisinzia amesimama, shada la matawi mikononi.

Tunaokota mavi zamu kwa zamu. Ghala limejaa nusu.

Siku ya 23

Ghala.

Siku ya 25

Ghala. Mgongo. Bibi Tursunoy anaokota kuliko vijana wawili, na anawaambia.

Siku ya 28

Wamepanda! Tangu asubuhi viwavi waliacha kula, wakawa wang'avu kama zabibu kwenye mwanga, wakainua vichwa kutafuta pa kwenda. Robiya amesimamisha matita ya vijiti vikavu juu ya vichanja vyote, nao wanapanda humo na kuanza kusokota. Hii ndiyo siku yetu kubwa. Ukuta mzima hutoka kukusanya nyuzi za kwanza, zile chafu wanazotupa kabla ya kuanza kazi ya kweli, na watoto ndio wanaofika kwenye vijiti vyembamba.

Sisi hatuhesabu watoto. Mtoto akihesabiwa kwa namba, mauti nayo yanaisikia namba hiyo. Kila jioni wanaporudi, karani husimama mlangoni na kikapu cha ufuta, punje moja kwa kila mtoto aliyetoka asubuhi, na kila anayeingia huchukua yake. Kikapu kikiwa kitupu, wote wapo.

Nilisimama mlangoni kwa fahari, masharubu yameota yote mawili. Walipita wakicheka, nyuzi kichwani kama wazee wenye mvi. Mwisho ikabaki punje moja. Asubuhi nilikuwa nimejaza kikapu huku nikizungumza, nami nikizungumza hukosea. Nikaila. Ilikuwa tamu. Watoto wote wamerudi salama, tunamshukuru Mungu.

Kumri hakuja kula. Sharofat anasema atakuwa amelala kwa akina Mastura, rafiki yake, kama alivyofanya juzi.

Siku ya 29

Kumri hayupo.

Hakulala kwa akina Mastura. Mastura alikaa kimya hadi adhuhuri kwa sababu alikuwa ameapishwa, kisha akalia na kusema. Kumri alikuwa akiweka akiba ya ufuta wake tangu usingizi wa pili. Alibeba punje hizo na vipande vya forsadi mbivu kwenye shuka la mama yake, akapanda na Paji ndani ya matita, akajikunja kando yake mahali pa kusokotea. Alimwambia Mastura asiogope. Alimwambia anakwenda kutoka pamoja na mama.

Tulikimbilia kwenye matita. Jana vifukofuko vilikuwa utando tu, ungemwona mtu ndani kama nyuma ya pazia. Leo vimefunga. Vyeupe, elfu ishirini, na vyote vinafanana.

Tumepita tukigonga na kuita. Hakuna aliyegonga kutoka ndani.

Mbele ya watu nilisema kwamba hakuna wa kulaumiwa. Bibi Tursunoy alinitazama. Hakunipima, alinitazama tu.

Siku ya 30

Tumegonga vichanja viwili. Hakuna.

Siku ya 31

Tumegonga kichanja cha tatu. Sharofat sauti imemkauka kwa kuita. Nadhani mtoto anatusikia. Nadhani hataki kujibu, kwa sababu anaamini kazi bado haijaisha, na akigonga tutamtoa kabla ya mabawa. Nani alimfundisha hivyo, kila mtu ukutani anajua, na hakuna aliyenitamkia. Afadhali wangenitamkia.

Siku ya 32

Tulikata. Kifukofuko kimoja baada ya kingine, vile vilivyojaa zaidi, kumi na kimoja kwa jumla. Ndani kila mara alikuwa kiwavi aliyenywea, anageuka kokwa la kahawia. Mchana Robiya akaviona. Akakigeuza kimoja mkononi, akaweka kidole kwenye tundu, akamwambia mkwe wake ni panya.

Walileta paka.

Yodgor, mbeba maji wetu, alikuwa juu ya tita la mwisho na msumeno. Hatukumpata. Tulipata msumeno.

Wapo waliosema tujitokeze kwa Robiya, tupige magoti, tuombe. Wazee walikumbusha nyumba ya jirani, ukuta uliobomolewa siku moja baada ya mtoto wa Wakubwa kumwona mmoja wetu, na moshi uliopulizwa katika kila shimo. Watu mia na sitini walikuwa mle. Tukabaki ukutani.

Siku ya 33

Paka.

Siku ya 34

Paka. Mvua. Nimepita mbele ya mlango wa Bibi Tursunoy nikamkuta anashona. Nikamwuliza kwa ukali anamshonea nani. Akaniambia ni aproni, imechanika. Nikakaa chini pale pale mlangoni kwake, na yeye akaendelea kushona, na hakunifukuza. Miaka yote hii nimemwandika kama kichekesho. Sikuwahi kumwuliza anafanyaje kazi ile na kisha anakula chakula cha jioni.

Siku ya 35

Wamevuna. Matita yote yalitolewa uani tangu asubuhi, na majirani watatu wakaja kusaidia kuchuma vifukofuko na kuviondoa nyuzi za nje. Tulikuwa chini ya kizingiti tukitazama milima miwili ikikua, mmoja wa vifukofuko vya kuuzwa ambao jioni ulitiwa kwenye gunia kubwa lililoegemezwa ukutani, na mmoja mdogo wa vilivyokataliwa, kwenye karai. Lori la kituo cha kununulia vifukofuko linakuja kesho kabla ya adhuhuri. Kituoni vifukofuko hupigwa mvuke siku hiyo hiyo ili nondo asitoboe uzi. Mtoto wetu akifika huko, basi.

Kikao kilikuwa kirefu. Wengi walisema gunia. Mimi nilisema gunia. Bibi Tursunoy alisema maneno yake, yakasikilizwa. Uamuzi ukawa kwamba alfajiri, paka akipewa maziwa jikoni, watu wote wenye nguvu waingie kwenye gunia kwa tundu la chini, wagonge kimoja kimoja.

Siku ya 36

Kumri amepatikana. Yu hai.

Bibi Tursunoy amekufa.

Siku ya 37

Watu wamekusanyika ukumbi wa boriti kusikia. Niliwasomea habari kama ifuatavyo: kwamba karani Norboy aliongoza upekuzi, kwamba wananchi waligawanyika sehemu mbili kwa busara, wengine guniani na wengine karaini, kwamba mtoto alipatikana karaini, akatolewa na karani kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba marehemu Tursunoy, katika kusaidia, alipatwa na ajali. Vijana wameshatunga wimbo. Jina langu limo mara nne, moja ya hizo kwa ajili ya vina tu.

Walinipandisha mabegani. Mimi si mzito.

Siku ya 38

Kumri anakula uji. Ngozi yake imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyekaa majini, na nywele zimegandamana kwa gundi ya hariri hadi Sharofat akazikata. Hasemi.

Siku ya 39

Hasemi. Wimbo unaimbwa.

Siku ya 40

Ghala limehesabiwa: kuni zinatosha hadi theluji iyeyuke, na ziada. Chumba kitupu. Robiya amefagia, amefungua dirisha, amelala sakafuni katikati ya mchana na viatu miguuni.

Siku ya 41

Nilimkuta Kumri amekaa mahali pangu, kurasa hizi ziko mapajani. Anajua kusoma. Mama yake alimfundisha. Sikumwuliza alikuwa amefika wapi kwa sababu kidole chake kilikuwa bado kwenye ukurasa wa siku ya 37.

"Mjomba," akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu atoke. "Wewe hukuwepo."

Nikamwambia mambo ya uani yalikuwa mengi, na mtoto aliye ndani hawezi kujua nani yuko nje.

"Nilisikia. Alikuwa Bibi peke yake."

Kisha akaniuliza kuhusu mama, na nikamweleza. Nilimwambia kwamba mama yake alikufa kwa kikohozi, kwamba hatatoka, kwamba nilisema vile kwa sababu sikuweza kuvumilia kilio chake, na pia changu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema Bibi alikuwa ameshamwambia. Akazikunja kurasa, akanirudishia.

"Andika upya," akasema.

Siku ya 42

Naandika upya. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Sharofat aliyaona kwa macho yake akiwa nyuma ya matofali ya jiko la uani, na Kumri aliyasikia. Mimi nimewauliza wote wawili, mmoja mmoja, na maneno yao yanalingana.

Katika kikao cha siku ya 35 Bibi Tursunoy alisema gunia si mahali pake. Alisema amefanya kazi na vifukofuko vikubwa miaka arobaini na anajua mkono wa Robiya: chochote kilicho kizito au kinene kuliko kawaida, Robiya anakiona ni cha viwavi wawili na kukitupa karaini. Kifukofuko chenye kiwavi mmoja na mtoto wa miaka saba kingekuwa hivyo. Akasema tena kwamba vya karaini haviendi kituoni. Robiya anavichemsha mwenyewe hapo uani ili apate pamba ya hariri ya magodoro, na anavichemsha mapema kabla ya lori, ili jiko liwe tupu kwa chakula cha wageni. Kwa hiyo muda si hadi adhuhuri. Muda ni hadi maji yachemke.

Nilimjibu kwamba Kumri aliingia na kiwavi mmoja, wala si wawili, na kwamba karai ni mahali ambapo yeye Bibi huendea sanda, naona limemkaa kichwani. Watu wakacheka. Walikuwa wamechoka, wakahitaji kucheka, nami nikawapa.

Aliomba watu wawili. Hili sikuliandika popote. Alisimama akasema, "Basi nipe wawili tu, Norboy, wa kunivuta nikikwama." Nikamwambia gunia ni kubwa, siwezi kumpunguzia hata mmoja. Tulikuwa watu sitini na watatu.

Alikwenda peke yake, kulipopambazuka, akavuka ua wote kwenye mwanga. Alikuwa na miaka sabini na goti moja lisilokunjika. Sharofat alimwona kutoka guniani, akateremka bila kuniaga akamfuata, lakini alipofika jikoni Robiya alikuwa ameshakuja na kuni, akalazimika kujibanza nyuma ya matofali. Bibi alikuwa tayari ndani ya karai. Alipandaje, Sharofat hajui. Anadhani kwa uzi.

Karai lilikuwa na vifukofuko mia mbili hivi. Bibi hakugonga. Sisi tulikuwa tumegonga siku tatu na tunajua kugonga hakufai. Alilala kifudifudi juu yake, akatia mdomo kwenye hariri, akasema maneno yale yale, akasogea, akasema tena, akasogea. Robiya alikuwa akizungumza na mkwe wake kuhusu unga ulioisha na nani wa kutumwa, kwa hiyo hakusikia. Juu ya jiko maji ya sufuria yalianza kutoa mvuke.

Kumri anasema alisikia hivi: "Kumri, mwanangu, mama yako hayumo humu. Mimi ndiye niliyemshona. Nilimvika shela ya buluu, nikamchana nywele, nikafunga. Amekufa, hatatoka. Wewe hujafa. Gonga."

Anasema alikaa kwanza. Alitaka kuudhika. Halafu akakumbuka kwamba shela kweli ilikuwa ya buluu. Akagonga.

Bibi alikisukuma kwa mgongo, miguu ikiegemea vingine vilivyokuwa vinateleza chini yake. Kilikuwa kirefu kumshinda. Alikifikisha ukingoni, kikakwama. Hapo ndipo wangehitajika wale wawili. Akakiinamia, akakiinua kwa bega, kikapita, kikaanguka kwenye majivu karibu na Sharofat, na yeye akarudi nyuma akaangukia katikati ya vifukofuko, goti limekunjwa vibaya. Sharofat alimsikia akihema. Hakupiga kelele. Kelele ingewaleta Wakubwa kutazama chini, na chini palikuwa na mtoto.

Robiya akanyanyua karai, akasema bismillahi, akalimwaga lote kwenye maji.

Sharofat alikiviringisha kifukofuko chini ya kizingiti. Hakuwa na kisu, akakishika tu, akingoja. Nilipofika na kisu lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Nilikata, nikamtoa mtoto, nikaingia naye ukumbini mikononi, na watu wakaona hivyo. Hiyo ndiyo sehemu yangu yote, na ilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Hatuna cha kushona, wala mshonaji.

Karai lilipomwagwa mimi nilikuwa ndani ya gunia, nimekaa juu ya kifukofuko cha katikati ambako kila mtu angeweza kuniona, nikiwaambia watu sitini na mmoja wagonge wapi.